Weka chini mkasi wa Jumamosi: kwa nini bustani ya mbele ya nyumba haichanui

Kama mbele ya nyumba yako kuna hibiskasi, bogenvilia au plumbago iliyonyolewa ikanyooka kama ukuta, ya kijani mwaka mzima na haina ua hata moja, usitafute dawa. Udongo wako hauna kosa, na mche uliouziwa haukuwa "dume" kama jirani anavyokuambia. Kosa ni ule mkasi mrefu wa mikono miwili unaopita juu yake kila Jumamosi.

Naandika kwa sababu swali hili halikomi. Mtu ananunua mche kando ya barabara ukiwa umechanua ndani ya kiriba, anaupanda vizuri kabisa, maua yale ya kwanza yanapukutika na hayarudi tena. Mwaka wa pili anang'oa, ananunua mwingine, anautia mkasi uleule. Muuza miche hana haraka ya kumweleza.

Vichaka vingi tunavyovipenda kwa kuchanua muda mrefu huweka maua kwenye chipukizi jipya, tena huko kwenye ncha au karibu nayo. Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho (vile vichomozo vidogo kwenye tawi ambako machipukizi hutokea) yaliyo chini yasichipue. Ukiikata ncha, kizuizi kinaondoka na macho mawili au matatu chini ya mkato yanaamka. Hadi hapo umefanya jema, maana ncha moja imekuwa tatu na kila moja ingeleta maua yake. Ila kila chipukizi lazima kwanza lirefuke na lijitolee majani, ndipo liweke tumba. Muda huo hauna njia ya mkato.

Sasa chukua kalenda. Hibiskasi, tangu kukatwa mpaka kuchanua, inataka wiki 8 hadi 12. Bogenvilia wiki 6 hadi 8, na plumbago hazipishani nayo sana. Mwaridi nao ni wiki 6 hadi 8. Iksora ni mvivu zaidi, ukiikata sana itakaa miezi kadhaa bila kukupa kitu. Hayo ni makadirio ya sehemu za joto kama Dar es Salaam, Tanga na Morogoro. Arusha, Lushoto na Njombe ongeza wiki 2 hadi 3, na msimu wa baridi hata zaidi.

Ukinyoa kila baada ya wiki 2, chipukizi la hibiskasi limekatwa mara nne hadi mwisho wa wiki ya nane. Ukinyoa kila wiki, mara nane. Umelinyima umri wa kuzaa, halafu unalalamika kwamba halizai!

Najua kwa nini inatokea, na si kwa sababu watu hawapendi maua. Kijana wa bustani analipwa kwa siku, na mwenye nyumba akirudi jioni anataka kuona kazi. Kunyoa kunaonekana: majani yamelala chini, uzio umenyooka, jasho limetoka. Kuliacha tawi likue hakuonekani. Basi kijana ananyoa, na wewe unamlipa kwa rundo la majani. Mbadilishie kazi. Apalilie, apindue mboji, atandaze nyasi kavu, amwagilie kwa kipimo, atoe waridi zilizokwisha. Ule mkasi mrefu uchukue uuweke stoo, mpe mkasi mdogo wa kupogolea wa mkono mmoja, unaokata tawi moja moja. Atakuwa mpole tu, kwa sababu chombo chenyewe hakikubali pupa.

Kuna jambo linaloongeza hasara. Mtu akiona hakuna maua, anadhani mmea una njaa. Analeta gunia la mbolea ya kuku moja kwa moja kutoka bandani, na maranda yake, anamwaga shinani kisha anamwagilia. Eti ni bustani ya asili, haina kemikali. Kilimo hai si ruhusa ya kumwaga samadi mbichi! Samadi ya kuku mbichi ina chumvi na amonia vinavyounguza mizizi midogo, na kama mmea ukinusurika, naitrojeni nyingi hiyo inausukuma utoe majani na fito ndefu laini badala ya maua. Fito zikitokeza nje ya mstari, mkasi unarudi. Hapo umelipia mbolea ili kupata kitu cha kukata.

Kipimo ni hiki. Mboji iliyoiva, yaani iliyokaa angalau miezi 3, ikapinduliwa kila baada ya wiki 2, na sasa haipandi joto tena ukiipindua wala haitoi harufu. Hibiskasi, plumbago na mwaridi: nusu ndoo ya lita 10 kwa kichaka, mara 2 kwa mwaka, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli. Bogenvilia: robo ndoo, mara 1 kwa mwaka, basi. Isambaze chini ya kivuli cha matawi, ukiacha sentimita 10 kutoka kwenye shina. Majivu ya kuni unaweza kuchanganya kidogo kwenye mboji, lakini usiyapeleke kwa iksora. Iksora hupenda udongo wenye tindikali, na majivu huiondoa, majani yakageuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani.

Turudi kwenye kukata, maana siwaambii msikate. Kichaka kisichokatwa kabisa kinarefuka, chini kinakuwa fito tupu, na maua yanakwenda juu kwenye bati ambako hakuna anayeyaona. Kata kwa zamu.

Gawanya matawi makubwa ya kichaka katika mafungu matatu. Funga vipande vya kitambaa vya rangi tatu chini ya matawi, ili hata asipokuwepo mwenye nyumba kijana ajue zamu ni ya nani. Kwa hibiskasi, leo kata fungu la kwanza. Baada ya wiki 8 kata la pili. Baada ya wiki 8 nyingine, la tatu. Kisha subiri wiki 8 ndipo urudi la kwanza. Kila tawi linapata wiki 24: kama 12 za kukua na 12 za kuchanua. Kwa bogenvilia zamu ni kila wiki 6, kwa hiyo tawi hurudi kukatwa baada ya wiki 18. Wakati wowote utakaosimama getini, fungu moja au mawili yatakuwa na maua. Hii ndiyo siri yote ya bustani inayochanua mwaka mzima, wala haihitaji kununua chochote.

Theluthi moja kwa wakati. Si nusu, si "nimesawazisha kidogo tu". Kata milimita 5 juu ya jicho linaloangalia nje, mkato ukiteremka kuelekea upande usio na jicho. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho kitakauka na ugonjwa utaingilia hapo. Ukikata karibu mno jicho lenyewe linakauka. Juu ya mkato wa zamani acha macho 2 au 3. Futa visu vya mkasi kwa spiriti unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine. Na ukate asubuhi isiyo na mvua, vidonda vikauke kabla ya usiku.

Hibiskasi inahitaji ncha nyingi kwa sababu ua lake moja huishi siku moja tu, asubuhi limefunguka, kesho limejikunja. Unachokiona kama kichaka kinachochanua mfululizo ni matumba mengi yanayopokezana. Bogenvilia ni tofauti. Ile rangi ya zambarau, nyekundu au chungwa ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Majani hayo ya rangi hudumu wiki nyingi, kwa hiyo bogenvilia chache zilizoachwa zikomae zinaipendezesha bustani ya mbele ya nyumba kuliko mstari mzima wa hibiskasi. Zina fito zenye miiba zinazowachoma wapita njia, hilo kweli. Ufito mmoja ukileta usumbufu uondoe wote kutoka pale ulipoanzia. Ukiupunguza ncha utakurudishia fito tatu pale pale.

Wale wanaotaka maua yote yawe tayari kwa Krismasi wahesabu kurudi nyuma, si kuja na mkasi Desemba. Hibiskasi ikatwe wiki ya mwisho ya Septemba. Bogenvilia kati ya tarehe 20 na 30 Oktoba. Baada ya hapo asiguse mtu, hata kama shangazi anakuja na uzio haujanyooka. Kila mwaka kuna anayeniambia alipogoa tarehe 10 Desemba "ili papendeze". Patapendeza Februari. Kwa Dodoma, Singida na kwingine kwenye msimu mmoja wa mvua, mkato mkubwa fanya Desemba, mvua zikishaloweka ardhi, kisha endelea na zamu kama nilivyosema.

Maji ndipo wengi wanapochanganya mimea miwili yenye tabia zinazopingana. Bogenvilia iliyokwisha kushika hupenda kuonja kiu. Chipukizi zikifika kama sentimita 30, punguza maji: ndoo 2 za lita 10 kila baada ya siku 14, na kama mvua inanyesha usimwagilie kabisa. Ndiyo maana bogenvilia yako huchanua vizuri zaidi kipupwe na kaskazi kuliko katikati ya masika. Hibiskasi ukiifanyia hivyo itaangusha matumba kabla hayajafunguka. Yenyewe ipe ndoo 1 mara 2 kwa wiki kipindi cha jua, na matandazo ya nyasi kavu ya unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Kwa hiyo usiipande na bogenvilia kwenye mstari mmoja wa bomba la matone. Utaua mmoja au utanyima mwingine maua.

Kwa uzio ambao umeshanyolewa miaka: fungua majani kwa mikono uchungulie ndani. Utakuta ganda la majani la kama sentimita 15 na ndani matawi makavu, giza, na mara nyingi wadudu weupe wenye unga unga wakilindwa na sisimizi. Pale jua halifiki na hewa haipiti. Usikimbilie kupuliza chochote. Toa matawi makavu yote, kisha mwanzo wa mvua kata theluthi ya matawi manene hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Mvua zinazofuata theluthi nyingine, na zinazofuata tena, ya mwisho. Kwa miezi kadhaa patakuwa na mapengo na utaona aibu, vumilia. Umbo la baadaye liwe pana chini na jembamba juu, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Wengi hufanya kinyume, juu panavimba na chini panakuwa vijiti.

Ukiona matumba yamejipanga karibu na ncha za matawi, umefaulu, endelea na zamu.

Wapo ambao hawana namna ila kunyoa, kwa sababu bogenvilia imepandwa sentimita 30 kutoka kwenye njia ya miguu, au hibiskasi zimebanwa nne katika mita moja ili uzio uzibe haraka. Nafasi sahihi ni mita 1 kati ya hibiskasi na hibiskasi, mita 1.5 hadi 2 kwa bogenvilia, na angalau sentimita 90 kutoka ukutani au njiani. Kama zimebanana, usijaribu kuhamisha bogenvilia kubwa, mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Badala yake, masika yanapoanza, katika yale matawi uliyopogoa chagua yaliyokomaa, unene wa penseli, ukate pingili za sentimita 20 zenye macho yasiyopungua 3. Toa majani, zika nusu yake kwenye viriba vyenye mchanga na mboji kiasi sawa, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Baada ya wiki 6 hadi 8 vuta taratibu, na zile zinazoshikilia zimetoa mizizi. Hizo ndizo utakazopanda mahali pake, kisha ung'oe za zamani.