Mshahara Mmoja, Watu Wawili: Hesabu ya Kupiga Kabla ya Kuhamia Dubai

"Dada, mume wangu kapata kazi Dubai, dirham 6,500 kwa mwezi. Tutaweza kuishi wawili?"

Swali la namna hii hunifikia mara kwa mara, kwa kuwa nyumbani Tanga wananijua kama mtu wa hesabu, na sasa naishi Al Qusais, mtaa wa Dubai. Jibu langu la kwanza ni lile lile kila mara: usinitajie jumla, nitumie ule ukurasa wa mkataba wenye mchanganuo wa mshahara. La pili: acheni kuzidisha hizo dirham kwa shilingi. Mtu akishazidisha anaona mamilioni, anaanza kufikiria kiwanja, na hesabu inafia hapo. Pango, umeme na mchele wa Dubai vinalipwa kwa dirham, basi vikadirieni kwa dirham. Shilingi iingie mahali pamoja tu, kwenye pesa mtakayotuma nyumbani. Dirham imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997, dirham 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo kinachopanda na kushuka hapo ni shilingi yetu.

Tuuchukue huo huo mshahara wa 6,500 tuufanyie kazi. Tuseme mkataba unasema msingi 3,000, nyumba 2,000, usafiri 1,500. Falme za Kiarabu (Emirates) hawakati kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo 6,500 inaingia benki kamili. Lakini msiuache ule mchanganuo upite hivi hivi. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 za msingi kwa kila mwaka wa kazi katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa miaka inayofuata. Msingi wa 3,000 unampa 2,100 kwa mwaka. Msingi ukiwa 4,500, jumla ikibaki ile ile 6,500, anapata 3,150. Kabla ya kusaini, mume aombe msingi upandishwe hata kama jumla haiongezeki. Waajiri wengine hukubali, na kwa watu wasio na mfuko wa pensheni huko hiyo ndiyo akiba yao ya kuondokea.

Gharama za kumwajiri, viza yake na bima yake ya afya ni mzigo wa mwajiri kwa mujibu wa sheria. Mtu akikwambia mtume pesa kwanza ili viza itoke, simamisheni mazungumzo. Gharama za mwenza ni habari nyingine, hizo ni zenu isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ili mume amdhamini mkewe, anatakiwa awe na mshahara usiopungua dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba ya kampuni. Wengi wakishakisikia kiwango hicho wanapumua, wanadhani serikali imewathibitishia kwamba pesa inatosha. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kumleta. Kama inatosha, hiyo ni kazi yenu kupima. Na Dubai anayemdhamini mwenza ndiye anayemkatia bima, hana hiari. Ulizeni kwa maandishi: kampuni inalipia viza na bima ya mke? Tiketi ya likizo ni ya mmoja au ya wawili? Bima hiyo inagharamia uzazi, na baada ya muda gani? Majibu ya mdomo msiyaweke kwenye hesabu.

Sasa pango, maana hapa ndipo ndoa nyingi changa hubanwa. Dubai nyumba inatajwa kwa bei ya mwaka, na malipo ni kwa hundi zenye tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Hundi chache hupunguza bei. Hundi nyingi hukupa pumzi. Tuseme mmepata chumba kimoja cha kujitegemea chenye jiko kwa 36,000 kwa mwaka, hundi nne. Siku ya kusaini mnatoa hundi ya kwanza 9,000, dhamana ya mwenye nyumba ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 kwa nyumba isiyo na samani, yaani 1,800, na dalali naye asilimia 5, 1,800 nyingine. Dhamana ya DEWA, mamlaka ya umeme na maji ya Dubai, kwa nyumba ya ghorofani ni 2,000. Hapo mmeshatoa 14,600, na hamjanunua godoro wala jiko la gesi, hamjasajili mkataba kwenye Ejari (mfumo wa serikali wa kusajili mikataba ya pango), hamjalipia viza ya mke. Tena mgeni hapewi kitabu cha hundi siku anayoshuka uwanja wa ndege. Anasubiri kitambulisho cha Emirates na akaunti ya benki, na wiki hizo analala kwenye kitanda cha kupanga au chumba cha muda, kwa pesa.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama mshahara unatosha kila mwezi. Ni kama mnayo hiyo pesa ya kuingilia bila kukopa. Wanaokopa huanza maisha huku wakilipa deni la nyumbani kwa mshahara ambao haujazoea hata pango.

Kila mwezi sasa. Pango 3,000. Manispaa hutoza ada ya makazi ya asilimia 5 ya pango la mwaka, inakuja polepole ndani ya bili ya DEWA, kwenu ni 150 kwa mwezi. Umeme na maji niwekeeni 350 kama wastani, Agosti iwe juu zaidi. Ulizeni pia nani analipia baridi ya jengo, yaani kiyoyozi, maana kuna majengo ambayo mwenye nyumba analipa na mengine mpangaji analetewa bili yake peke yake na kampuni ya ubaridi. Simu mbili na intaneti 400. Chakula 1,200, mkipika nyumbani na kununua mchele na unga wa gunia. Usafiri 300: nauli ya metro kwa kadi ya kawaida ni dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili jirani, 7.5 zaidi ya hapo. Viza na bima ya mke, nikizigawa kwa miezi, 250. Kutuma nyumbani 600. Jumla 6,250. Baadhi ya hizo ni makadirio yangu, wekeni bei mtakazopewa nyinyi.

Zimebaki 250. Kwa mwaka ni 3,000, na tiketi mbili za kwenda na kurudi Dar zinaweza kuzimaliza. Hakuna jino lililouma, hakuna msiba nyumbani, hakuna nguo. Mimi hapo husema bila kusita: mshahara huu, kwa pango hili, hautoshi wawili. Pango na ada yake vimekula karibu nusu ya mshahara. Kipimo changu ni kwamba pango lisipite theluthi, na baada ya kila kitu, pamoja na cha kutuma nyumbani, ibaki angalau moja ya tano. Mshahara wa 9,000 kwa matumizi haya haya unabakiza 2,750, hapo naweza kusema fungeni mizigo. Na 6,500 pamoja na nyumba ya kampuni, kama haimaanishi kukatwa posho yote ya nyumba, nayo inaweza kupita.

Mtaambiwa mkakae Sharjah, emirate jirani. Kweli pango ni nafuu. Lakini metro haifiki Sharjah, na barabara ya Al Ittihad asubuhi inakula saa za mtu. Kama kazi ya mume iko Jebel Ali, upande wa pili wa Dubai, yule mke atakuwa peke yake ndani tangu alfajiri hadi usiku. Mtaambiwa pia mpange sehemu iliyokatwa kwa mbao ndani ya nyumba ya watu wengine. Ukataji huo bila kibali manispaa wanaukataza na hukagua, na mkiwa wawili hamna faragha. Sikushauri hata kwa mwezi mmoja.

Mke mwandikieni kipato cha sifuri kwa miezi kumi na miwili. Anaweza kufanya kazi akiwa na ukaazi wa kudhaminiwa na mumewe, ilimradi mwajiri amkatie kibali cha kazi, lakini "atapata tu" si kipato. Kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Zaidi ya sifuri, andikeni anachokiacha. Kama mke alikuwa na mshahara nyumbani na ndiye aliyekuwa akimlipia mdogo wake ada, ile ada haijafutika, imehamia kwenye mshahara wa mume. Michango yake ya NSSF nayo imesimama. Na iwekwe pesa yake mkononi kila mwezi, hata 200, isiyoombwa wala kuulizwa. Nimeona wanawake wasomi, waliokuwa na ofisi zao nyumbani, wakiomba nauli ya kwenda dukani. Inaumiza nyumba kuliko bili yoyote niliyoitaja.

Njia ninayoipendekeza kwa mishahara ya kati ni mume atangulie. Muda wa majaribio kisheria hauzidi miezi sita. Katika miezi hiyo akae kitanda cha kupanga, aweke pesa ya kuingilia, aone mshahara unaingia kwa tarehe. Mke abaki na kazi yake, na kabla mume hajaondoka wote wawili waishi nyumbani kwa mshahara wa mmoja peke yake, hilo ni jaribio bora kuliko karatasi yangu. Wakati huo huo cheti cha ndoa kishughulikiwe: kiwe kimesajiliwa RITA (wakala wa usajili), kipite Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Emirates Dar es Salaam, halafu kikifika huko kithibitishwe na wizara yao ya mambo ya nje na kutafsiriwa Kiarabu. Kazi hiyo ina foleni, ianzeni mapema.

Mwisho wekeni fungu la kurudia. Ukaazi wa mke umefungwa kwenye ukaazi wa mume, na wa mume umefungwa kwenye kazi, kwa hiyo kazi ikikatika wote wawili mnaanza kuhesabiwa siku. Fungu hilo liwe tiketi mbili za kwenda tu, matumizi ya miezi miwili na hundi ya pango inayofuata. Kwa mfano wetu hiyo hundi peke yake ni 9,000. Likae kwenye akaunti ambayo mke naye anaweza kuifikia bila kumsubiri mtu.