Soma kosa kabla ya kuandika alama: ninavyopima Hisabati Darasa la Tatu

Mwalimu mwenzangu, 4 kati ya 10 haikwambii kesho ufundishe nini. Inakwambia mtoto amekwama. Amekwama wapi na kwa sababu gani, hilo limo ndani ya majibu sita aliyoyakosa. Nafundisha Hisabati huku Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza, ufukweni kabisa mwa Ziwa Victoria, na darasa langu lina watoto zaidi ya tisini. Uchovu wa kusahihisha rundo la madaftari naujua. Kwa hiyo ninachokueleza hapa kinawezekana hata kwa wingi huo: maswali matatu tu, yaliyochaguliwa kwa akili, yanayosomwa siku hiyo hiyo.

Kazi kubwa ipo kwenye kuchagua swali. Chukua 52 − 27. Jibu ni 25. Mtoto wa kwanza anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 2 ni 3, anaandika 35. Wa pili anakopa kumi vizuri, 12 toa 7 ni 5, ila anasahau kwamba makumi yamepungua. 5 toa 2 ni 3, naye anaandika 35. Shida zao hazifanani hata kidogo, lakini jibu ni moja, na wewe umeshika daftari huna la kufanya. Sasa badili tarakimu moja, andika 53 − 27. Jibu sahihi ni 26. Yule wa kwanza ataandika 34, wa pili 36, na aliyejumlisha badala ya kutoa ataandika 80. Kila kosa limejitaja lenyewe.

Basi kabla swali halijafika ubaoni, lifanye mwenyewe kwa kila njia potofu unayoifahamu. Njia mbili zikikupa jibu moja, badili namba. Ni kazi ya dakika chache, na inakuokolea wiki nzima ya kurudia somo kwa watoto wasiolihitaji.

Swali la pili liwe na sifuri katikati, kwa sababu hapo wengi huzama. Kwa 403 − 178 unatafuta 225. Ukikuta 325, mtoto ameigeuza sifuri kuwa 9 bila kupunguza mamia. Ukikuta 375, amerudi kutoa ndogo kwenye kubwa kila safu, hata kama kwenye swali la kwanza alikopa vizuri. Huyo hajasahau somo. Sifuri ndiyo imemtisha.

La tatu liwe la maneno, tena la maisha ya hapa: mama ameanika sado 53 za dagaa, ameuza 27, zimebaki ngapi? Namba ni zile zile za swali la kwanza, na ni kwa makusudi. Mtoto akipata hili na kukosa lile, dhana anayo. Kinachomshinda ni kupanga hesabu kwenye karatasi. Wapo watoto wanaopiga chenji mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, haraka kuliko mimi, na daftarini wanaonekana hawajui kitu. Mwite pembeni, umuulize kwa mdomo: umepewa shilingi 2,000, dagaa ni za 700, unarudisha ngapi? Akikujibu 1,300, usimrudishe mwanzo kabisa. Anza na alivyohesabu kichwani, mwoneshe namna ya kukiandika hicho hicho. Na kwa watoto ambao nyumbani wanazungumza Kisukuma, lisome swali kwa sauti, kisha mmoja wao alisimulie upya kwa wenzake. Tunapima Hisabati, tusimhukumu mtoto kwa sentensi ambayo hakuielewa.

Madaftari yakifika mezani, usianze na kalamu nyekundu. Yapange mafungu kwa kosa: wa 34 huku, wa 36 huku, wa 80 pale. Ukishazoea utashangaa jinsi kazi inavyokwenda upesi, maana huhesabu tiki, unatazama jibu moja na kuliweka kwenye fungu lake. Wa 80 mara nyingi hawakuangalia alama ya kutoa. Wazungushie duara kwenye alama hiyo, waambie warudie. Wa 36 wape vijiti vilivyofungwa kumi kumi, wafungue fungu moja kwa mikono yao na wahesabu mafungu yaliyobaki. Wa 34 ndio wanaokuhitaji zaidi, kaa nao wewe mwenyewe. Waliopata wote usiwaache wakae bure: wape hesabu iliyokosewa, wamtafutie mwenye kosa alipopotea.

Na kwenye daftari andika sentensi moja, siyo alama. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya Israeli: wanafunzi walioandikiwa maoni peke yake waliendelea vizuri, ila waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo. Naamini kabisa, kwa sababu naona watoto wanavyofungua daftari, wanatafuta namba, wanalifunga. "Umekopa vizuri, sasa angalia makumi yamebaki mangapi" inamlazimu afanye kitu.

Wakati wa somo lenyewe, achana na "Mmeelewa?" Utaitikiwa "Ndiyooo mwalimu!" na darasa zima, pamoja na ambao hata hawakuona ubao. Uliza swali, kaa kimya, kisha ndipo utaje jina. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima jambo hili Marekani miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Vipande vya boksi na chaki vinafaa pia: kila mtoto anaandika jibu, wanainua kwa pamoja, nawe unasoma darasa zima kwa jicho moja.

Kupima maendeleo kunahitaji kumbukumbu tofauti na ya majaribio ya mwezi. Chora jedwali: majina yashuke kushoto, ujuzi uende juu, yaani kutoa bila kukopa, kukopa mara moja, kukopa penye sifuri, maswali ya maneno. Baada ya wiki mbili rudia aina ile ile kwa namba nyingine, 64 − 38 kwa mfano, uandike tarehe kwa kila aliyevuka. Mwalimu wa taaluma atataka wastani, mpe. Lakini kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, jedwali hili ndilo litakalokuonesha nani hajavuka wapi.

Kwa walimu wa mialoni nasisitiza hili: angalia mwezi angani kabla ya kupanga tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi zake watoto wengi wako mchangani wanasaidia kuanika. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na madawati hujaa. Jaribio liwekwe wakati huo. Na ambaye hakuwepo, nafasi yake iachwe wazi, asiandikiwe sifuri. Mtoto mwenye 40 na 42 kati ya 50 wastani wake ni 41. Ongeza sifuri ya siku asiyokuwepo, unashuka hadi 27, na mwalimu atakayempokea mwakani atadhani ni mtoto dhaifu.

Wazazi wakija, usianze na nafasi aliyoshika. "Mwanao ni wa 61" humfanya mama ainamishe kichwa tu. Mwambie: anajua kutoa, anakopa vizuri, anakwama penye sifuri. Kisha mpe kazi anayoiweza hata kama hakusoma: akimtuma dukani na noti ya elfu moja, mtoto aseme chenji itakuwa ngapi kabla hajatoka nyumbani.