Kabla hujapanda Chunya na kinasa sauti

Kila baada ya muda huku Mbeya hutokea mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya ugaidi, au juu ya vikundi vya wapiganaji na jinsi vinavyomeguka. Mada nzuri. Ila wengi huondoka kwenda Chunya, kulikokuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wakiwahoji wazee kwa daftari, simu na ujasiri tu. Kaa kwanza.

Vibali. Barua ya chuo peke yake haitoshi. Ifikishe kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ushuke nayo wilaya, kata, mpaka kijiji. Kama si raia, anzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Beba nakala za karatasi, maana simu huzima.

Video za propaganda usizihifadhi kwenye simu, wala usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ipo tangu 2002, na askari wa kizuizi cha barabarani hana muda wa kusomewa sura ya tatu ya tasnifu yako.

Amua mapema nani utamwita gaidi, na kwa kauli ya nani. PAC na ANC, vyama vya ukombozi vya Afrika Kusini, zilipigwa marufuku na serikali ya makaburu mwaka 1960. Tanzania ikawapa kambi.

Jifunze mgawanyiko kabla hujakutana na mtu. Chukua PAC na kambi yao ya Chunya. Mwaka 1979 kiongozi wao Potlako Leballo aliondolewa kwenye uongozi, Juni mwaka huohuo kiongozi mwenzake David Sibeko akauawa Dar es Salaam, Vusumzi Make akashika nafasi, na wapiganaji wengi kambini wakamkataa. Machi 1980 wanajeshi wetu wakafyatua risasi kambini na watu wakafa. Sasa wewe unafika na swali la kwanza kwenye karatasi: "Kiongozi halali alikuwa nani?" Hapo umeshachagua upande kabla hata hujakaribishwa kiti. IRA, jeshi la siri lililopigana kuitoa Uingereza Ireland ya Kaskazini, vilevile: iligawanyika Desemba 1969, tena 1986, tena 1997, na hoja ikawa inajirudia, kuingia bungeni na kwenye mazungumzo au kubaki na bunduki. Kila waliotoka walisema wao ndio wa asili. Na usidharau kipande kwa udogo wake. Real IRA, waliojitenga 1997, ndio walioripua bomu la mji wa Omagh, Ireland ya Kaskazini, Agosti 1998 na kuua watu 29.

Sasa la ahadi, na hili nitalisema kwa kirefu kwa sababu niliona linavyoharibu. Mwenzetu mmoja alimpata mzee aliyekuwa akipeleka mahindi kambini ujana wake, mtu aliyejua nani alikuwa hasalimiani na nani. Mzee alisita siku kadhaa. Mwishowe akasema, haya mwanangu, lakini sauti yangu isitoke nje ya hiyo simu. Mwenzetu akaitikia upesi, "Haitatoka, babu." Aliporudi, msimamizi wake akadai rekodi zote ziwekwe kwenye kompyuta ya idara, ndio utaratibu. Zikawekwa, tena kwa jina kamili la mzee. Muhula uliofuata mwanafunzi mwingine akacheza kipande darasani, na mmoja wa waliokaa pale alikuwa mjukuu wa mtu aliyetajwa vibaya. Habari ilifika Chunya kabla ya Pasaka. Mzee hakugomba. Alifunga mlango tu, na mpaka leo ukienda kule na barua yoyote ya utafiti unaambiwa amesafiri.

Huyo alipoteza heshima. Kwingine wamefikishwa mahakamani. Chuo cha Boston College, Marekani, kilirekodi wapiganaji wa zamani wa IRA na wa UVF, kundi la mahasimu wao waliotaka kubaki na Uingereza, kati ya 2001 na 2006, kwa ahadi kwamba kanda hazitafunguliwa hadi msemaji afe. Mwaka 2011 Uingereza ikaziomba kupitia mkataba wake na Marekani, kwa uchunguzi wa mauaji ya Jean McConville, mama wa watoto kumi aliyetekwa na IRA Belfast 1972. Baadhi zikakabidhiwa. Mwaka 2014 Gerry Adams, wakati huo kiongozi wa Sinn Féin, chama cha kisiasa kilichohusishwa na IRA, alikamatwa, akahojiwa, akaachiwa bila mashtaka. Ivor Bell, mpiganaji wa zamani wa IRA, alishtakiwa, na 2019 akaachiliwa huru baada ya jaji kuona kanda si ushahidi wa kutegemewa, mojawapo ya sababu ikiwa mhoji alikuwa na upande wake dhidi ya Adams. Angalia hasara hiyo: siri imevunjwa, na kanda yenyewe haikumfunga mtu.

Kwa hiyo ahadi iwe fupi. Mwambie mzee wazi: chuo kinaweza kuitaka rekodi, mahakama pia. Mwombe asitaje tukio ambalo bado linaweza kufunguliwa kesi. Andika alama badala ya jina tangu siku ya kwanza, orodha ya majina ikae kwingine kabisa. Tafuta na wa kundi la pili, hata kama wa kwanza ndiye mcheshi.

Mengine ni ya kawaida. Juni na Julai baridi ya kupanda milima ya Kawetere, njiani kwenda Chunya, si ya mzaha, vaa koti. Masika uliza njia kabla ya kuondoka. Usipige picha jengo lolote lenye harufu ya jeshi. Mwambie mwenyeji wako unakokwenda, usirudi usiku, usikubali kupelekwa "kwa mtu anayejua zaidi" na mgeni uliyekutana naye stendi, na ukikuta msiba, kaa na watu, toa rambirambi, daftari lisubiri wiki nyingine.