Daftari la vifaa vya darasani

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi, kama yalivyo madarasa mengi ya Ilemela na Nyamagana hapa Mwanza, atapata nafuu kubwa akiacha kutegemea kumbukumbu ya kichwa na kufungua kaunta buku moja yenye safu tano: tarehe, kifaa, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwa sababu idadi iliyoandikwa ikitofautiana na iliyomo kabatini siku ya Ijumaa, upotevu hugundulika ndani ya wiki hiyohiyo.

Vitabu vya kiada vipewe namba kwa wino mzito, ndani ya jalada na pia katika ukurasa mmoja wa katikati mtakaokubaliana ofisini, maana jalada ndilo huchanika kwanza. Mwanafunzi aandikiwe namba ya kitabu alichopewa, si jina la kitabu pekee. Bila hivyo, kila kitabu kilichopotea kitasemwa kuwa ni cha jirani.

Bikari na rula za ubao akabidhiwe kiranja kwa saini asubuhi, naye azirejeshe kabla ya kengele ya mwisho. Binafsi, nimeona saini ya mtoto wa darasa la tano ikilinda bikari kuliko kufuli.

Chaki zihesabiwe kwa boksi, si kwa kipande, na zihifadhiwe kwenye rafu ya juu, mbali na ukuta, kwa kuwa unyevu wa masika huku kando ya ziwa huzilainisha, nazo zikilainika hukatika ovyo.