Kabla hujaenda kujitolea shambani kwa chumba na chakula huku Nyanda za Juu Kusini

Kama umepata shamba Njombe, Mufindi, Makete, Rungwe au kokote huku juu ambako utafanya kazi masaa kadhaa kwa siku na wenyewe wanakupa chumba na chakula, hongera, utajifunza kilimo kuliko kukaa mjini unaangalia video. Ila soma haya kwanza kabla hujakata tiketi, maana wengi wanakuja na begi la nguo nzuri na simu, vingine wanategemea kuvikuta hukohuko, na hukohuko havipo.

Kwanza masaa. Utaratibu huu sio mgeni duniani, WWOOF, mtandao wa watu wanaojitolea kwenye mashamba ya kilimo hai, ilianza Uingereza mwaka 1971 kwa watu wa mjini kwenda mashambani wikendi kusaidia kazi, na mpaka leo kinachokubalika sehemu nyingi ni masaa 4 mpaka 6 kwa siku na siku moja au mbili za kupumzika kwa wiki. Kwahiyo mwenye shamba akikwambia "tutaelewana ukifika", mwambie hapana mzee wangu, tuelewane sasa hivi. Aandike kwa WhatsApp: kuanza saa ngapi, kumaliza saa ngapi, siku gani huendi shamba, na kazi zenyewe ni zipi. Kupalilia parachichi sio sawa na kubeba magunia ya viazi kutoka bondeni mpaka barabarani gari linapofika. Ukishafika halafu ukaanza kubishana, utaitwa mvivu na utabishana peke yako.

Chakula. Uliza milo mingapi, nani anapika, na Jumapili inakuwaje. Huku utakula ugali maharage na mboga za majani sana, kande, viazi, na ukiwa Tukuyu ndizi mpaka utaota ndizi. Kama una vidonda vya tumbo au kuna kitu huli, sema mapema, usisubiri sahani iwe mbele yako halafu mama wa watu ajisikie vibaya.

Kama wewe sio Mtanzania au unamleta rafiki wa nje, viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi hata ya kujitolea, kuna kibali cha ukaazi daraja C ambacho ndio kinahusu wanaojitolea, mwenye shamba anatakiwa alijue hilo na alishughulikie kabla mgeni hajafika. Mtanzania nenda na kitambulisho cha NIDA, na siku ya kwanza au ya pili omba upelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji ukajitambulishe. Mwenyeji anayekwepa kukupeleka kwa mwenyekiti, jiulize anaficha nini.

Sasa chumba, na hapa naomba usiruke mstari.

Watu wanauliza kazi, wanauliza chakula, kwenye chumba wanaambiwa "chumba kipo" wanaridhika. Wakati kwenye mpango huu hulipwi hela, chumba ndio mshahara wenyewe, nusu yake kabisa! Omba picha. Omba picha ya kitanda, ya dirisha, ya juu darini. Kama juu ni bati tupu bila silingibodi na wewe unaenda mwezi wa sita au wa saba, elewa kwamba usiku wa Njombe na Makete unashuka chini ya nyuzi 10, upande wa Kitulo asubuhi unakuta majani yameganda meupe kwa barafu. Baridi hiyo sio ya kuvumilia na shuka la Dar.

Nilishakaa shamba moja hukohuko juu, viazi na parachichi, tulikuwa vijana kadhaa tunajitolea. Mabinti wawili wamepewa chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbolea, sakafu ya zege, bati bila dari, na dirisha halina kioo limezibwa na kiroba kilichogongelewa misumari, upepo unaingia unavyotaka. Blanketi moja moja jembamba. Wakaomba blanketi za kuongeza, msimamizi akawaambia wageni wote wanalalamika wiki ya kwanza halafu wanazoea. Wakaomba tena wakajibiwa hivyohivyo. Wenyewe wakaongeza viroba dirishani na kuziba chini ya mlango kwa gunia, na usiku mmoja wa baridi kali wakachukua jiko la mkaa jikoni baada ya kupika wakaliingiza ndani. Mkaa ulikuwa umeshaiva, mwekundu, hautoi moshi hata kidogo, na ndio maana hakuna aliyeogopa. Mimi nililala chumba cha pili na sikusikia harufu yoyote, kwa sababu ile hewa haina harufu.

Asubuhi uji umeiva, wenzetu hawatoki. Tukagonga, kimya. Tukaita, kimya. Mlango umewekwa komeo kwa ndani, ikabidi kijana mmoja ang'oe viroba vya dirisha apite, akafungua. Aliyelala karibu na mlango alikuwa ametapika na anaongea maneno hayaeleweki, anataka kusimama miguu haishiki. Wa upande wa ukutani alikuwa haamki kabisa, anapumua ila kama mtu anayekoroma kwa mbali. Jiko katikati ya vitanda viwili, majivu meupe na vipande viwili vitatu bado vina moto ndani.

Mama mpishi akaja mbio na kikombe cha maziwa kwa nia njema kabisa, maana ndivyo tulivyolelewa, mtu kala sumu mpe maziwa. Mzee mmoja jirani akamzuia mkono, akasema mama huyu hajala kitu, huyu kavuta hewa, mkimnywesha hajitambui mtamziba pumzi, mtoeni nje kwenye upepo mlegeze nguo mtafute usafiri. Mungu amzidishie yule mzee. Hebu lielewe hili vizuri: mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, kwahiyo mtu anakosa hewa huku anapumua. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, na aliyelala hata hizo dalili hazimwamshi. Kuacha dirisha wazi kidogo sio kinga. Mgonjwa wa hivyo atolewe nje haraka na apelekwe panapotolewa oksijeni, hata kama amezinduka na anasema yuko poa.

Usafiri sasa. Gari la shamba limeenda mjini na mwenye shamba, simu yake haipatikani. Tukaita bodaboda, yule binti asiyeamka tukamweka katikati mshikaki, dereva mbele, mwenzetu nyuma amemkumbatia na kanga imemfunga kwa dereva asidondoke, kilomita zote zile za vumbi na makorongo. Kituo cha karibu hawakuwa na mtungi wa oksijeni wenye kitu, wakaandika rufaa kwenda hospitali mjini, na gari la kukodi kwenda huko linataka hela mkononi. Tukampigia msimamizi. Akatujibu taratibu tu, bila hata hasira, "makubaliano yalikuwa chumba na chakula, matibabu hayakuwemo." Tukachangishana wenyewe, mwingine akatoa nauli yake ya kurudi kwao. Binti alipona, namshukuru Mungu, ila miezi kadhaa alikuwa analalamika kichwa na anasahau vitu vidogo vidogo, mtu ambaye alikuwa na kumbukumbu kali kuliko sisi wote.

Kwahiyo nakuamuru kabisa mdogo wangu, siongei kwa kubembeleza: jiko la mkaa halilali ndani na mtu. Halilali. Hata kama wenyeji wanafanya hivyo miaka yote. Ota moto jikoni au nje mpaka ushibe, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu iliyofungwa vizuri ufunge na nguo uweke miguuni, vaa soksi mbili na sweta na kofia, lala. Na kabla hujaondoka kwenu muulize mwenye shamba maswali haya kwa maandishi: nikiumwa au nikiumia kazini nani analipa, gari lipo au halipo, hospitali yenye oksijeni iko umbali gani, na wewe mwenyewe usipopatikana nimpigie nani. Majibu yake ndio yatakwambia kama uende. Anayejibu "hakuna mtu anayeumwa hapa" usiende kwake. Nenda na bima yako ya afya kama unayo, na hela ya dharura ambayo hutaigusa kwa vocha wala chipsi.

Vingine nitavipitisha haraka. Blanketi zito nunua mwenyewe, pale Makambako au Njombe mjini mitumba ipo mizuri na makoti ya baridi kwa bei ya kueleweka. Gambuti lazima, hasa kama unaenda kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tano, na Rungwe mvua haiangalii kalenda. Tochi ya kichwani. Pawabenki. Uliza mtandao gani unashika pale shambani, sio pale barabarani. Dawa zako beba za muda wote utakaokaa, usitegemee duka la kijijini. Na ukipata siku ya mapumziko ukashuka Kyela kuona ziwa, ujue umeshuka kwenye mbu, malaria ipo, lala kwenye chandarua na ukirudi juu ukapata homa usiseme ni baridi, kapime.

Dawa za kupulizia mimea, hili nalo lisikilize. Viazi huku vinapigwa dawa ya ukungu mara nyingi sana kipindi cha mvua, na mgeni ndio anakuwa wa kwanza kuvalishwa bomba mgongoni. Kama hakuna glavu, barakoa na nguo ya mikono mirefu, kataa kwa heshima, sema mimi nitapalilia. Ndoo iliyochanganyia dawa isiguse maji ya kunywa wala ya kuoga. Ukimaliza kupiga osha mwili kwa sabuni kabla hujashika chakula, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Dada zangu, mlango wenye kitasa au komeo la ndani ni lazima, na ujue nani mwingine analala kwenye ile nyumba na choo kiko umbali gani usiku. Tuma lokesheni kwa mtu wa nyumbani siku unayofika, na mkubaliane siku za kupiga simu. Ukifika Njombe au Mafinga jioni giza limeingia, lala gesti mjini uende asubuhi, usikubali bodaboda usiyemjua akupeleke porini saa mbili usiku eti mwenyeji anasubiri. Nauli ya kurudi iwe imefichwa tangu siku ya kwanza, ili siku ukiona mambo hayaendi uondoke bila kuomba mtu.

Salimia watu. Kwa Wahehe na Wabena "kamwene", Tukuyu "ugonile", ukikosea watakucheka kidogo na kukufundisha, ila ukipita kimya hawatakusahau. Ulanzi, pombe ya mianzi, utakaribishwa msimu wa mvua, ule mtamu wa asubuhi, mtogwa, unateleza kama juisi lakini mkangafu wa jioni ni pombe kamili, kunywa ukiwa na mtu unayemwamini au usinywe. Usipige picha watu na watoto wao bila kuomba. Usiingie shamba la jirani kukata njia hata kama wenzako wanapita. Ukikuta mto umejaa usivuke, subiri. Na mbwa wa shamba huwa wanafunguliwa usiku, kwahiyo ukifika mchana muombe mwenyeji akutambulishe kwao, wakunuse, uwape hata kipande cha ugali, ndio usiku uweze kwenda chooni.