Jinsi ya kuomba zuio la mahakama dhidi ya mnada wa nyumba iliyowekwa rehani nchini Kenya

Kabla ya kwenda kwa wakili, kusanya mkataba wa mkopo, hati ya rehani na kila barua uliyopokea kutoka benki pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta ndio unaoonyesha barua ilitumwa lini. Iandikie benki pia uombe taarifa kamili ya akaunti tangu siku mkopo ulipotolewa.

Kisha hesabu siku. Chini ya kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, benki hutakiwa kukupa ilani ya muda usiopungua miezi mitatu ili ulipe malimbikizo. Baadaye hufuata ilani ya kuuza ya siku zisizopungua 40 chini ya kifungu cha 96, ambayo nakala yake hupelekewa pia mume au mke aliyeridhia rehani, na dalali naye hutoa ilani yake ya siku 45. Ilani iliyokosekana ina uzito mkubwa mahakamani kuliko kilio chochote kuhusu ugumu wa maisha.

Riba nayo ina kikomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki hakiruhusu riba izidi deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipogeuka kuwa chechefu, yaani ulipohesabiwa kuwa haulipwi ipasavyo. Tuseme siku hiyo ulikuwa unadaiwa msingi wa shilingi 2,000,000: benki haiwezi kudai zaidi ya 4,000,000, ukiacha gharama halali za kufuatilia deni, na ikidai 5,600,000 ni lazima ieleze zile 1,600,000 zimetoka wapi. Lakini hapa ndipo wengi hujikwaa, kwani mahakama kwa kawaida haizuii mnada kwa sababu tu pande mbili zimetofautiana kuhusu kiasi cha deni. Itangulize kasoro ya ilani, hesabu ya riba iifuate.

Wakili atafungua kesi kwa hati ya madai, akiambatanisha ombi la zuio la muda chini ya Agizo la 40 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, hati yako ya kiapo na cheti cha dharura, yaani hati inayoomba ombi lisikilizwe haraka. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, jaji hupima mambo matatu: kama madai yana msingi, kama utapata hasara isiyofidika kwa pesa na, akibaki na shaka, ni upande upi utakaoumia zaidi.

Amri ikitolewa kabla benki haijasikilizwa, hudumu siku zisizozidi 14, nawe una siku tatu tu za kuikabidhi kwa benki pamoja na ombi na hati ya madai. Usipofanya hivyo, amri hufa yenyewe. Jaji aweza pia kukutaka uweke kiasi fulani cha deni, hivyo usiende mikono mitupu.

Ukishindwa, kwa kawaida utalipa gharama za kesi za benki. Usizilipe kwa kuonyeshwa jumla tu. Subiri bili ya gharama hizo ihakikiwe na msajili wa mahakama, hoji kipengele kimoja kimoja, na ukitoridhika wasilisha pingamizi la maandishi ndani ya siku 14 tangu uamuzi wake.