Ukungu wa jioni ya Malimbe, hatua kwa hatua

Picha yangu ya kwanza ya namna hii, ya mandhari iliyofunikwa ukungu laini wa kutengeneza, niliichapa kubwa nikaitundika dukani Nyegezi, hapa Mwanza, ninapopigia watu picha za paspoti. Mama mmoja aliyeingia na ndoo ya sato akaikodolea macho, kisha: "Mwanangu, lenzi yako imeingia mafuta?" Hakukosea. Nilikuwa nimefifisha kila kitu.

Mbinu hii inaitwa Orton, kwa jina la Michael Orton, mpiga picha wa Kanada aliyeianzisha miaka ya 1980. Alilaliisha slaidi mbili (picha za filamu inayopitisha mwanga) za mandhari moja, moja kali na nyingine yenye ukungu. Zote alizipiga kwa mwanga wa ziada, maana filamu mbili zikilaliana giza linaongezeka. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta. Mimi natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ambayo ni ya bure.

Chagua picha kali, yenye majani, jua likiwa nyuma yake. Mimi hushuka Malimbe saa kumi na mbili jioni, jua likizama ng'ambo ya ghuba na kupenya kwenye miti ya ufukweni. Mchana wa jua la utosi usijisumbue.

Picha ya asili iache chini kabisa, usiiguse. Nakili tabaka lake (layer) mara mbili, la juu liweke hali ya skrini (Screen, inayoangaza picha), kisha uunganishe nakala hizo mbili. Picha itapauka kama shuka lililofuliwa mno, usiogope. Nakili hilo lililopauka, nakala yake ipitishe kwenye ukungu wa Gauss (Gaussian Blur, kichujio cha kufifisha; kwa picha ya pikseli 4000 kwa upana kipimo chake naanzia 25), halafu iweke hali ya maltiplai (Multiply, inayotia giza). Rangi zinarudi, tena zimekolea. Unganisha hayo mawili, ndipo upunguze uonekano (Opacity) wa tabaka hilo hadi asilimia 40 hivi, ili ukali wa asili uchungulie kutoka chini.

Kwetu tatizo ni mawe. Mbinu hii huzidisha giza la vivuli, na nyufa za miamba yetu huwa nyeusi kama masizi ya chungu. Basi angaza vivuli kabla ya kuanza, au pitisha kifutio laini juu ya jiwe kwenye tabaka la ukungu. Mtumbwi na mvuvi wake nao wafutie ukungu.

Kwenye simu ukungu hauonekani sana, kwa hiyo usishawishike kuongeza. Kwenye karatasi kubwa utajitokeza wote. Ile ya mama wa sato leo ningeiachia asilimia 30.